Kupima Gesi za Ghuba ya Winam Usiku Kucha

Oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya Ghuba ya Winam, katika Ziwa Viktoria, hupanda na kushuka kila siku. Mchana mwani huizalisha. Usiku mwani huohuo, pamoja na bakteria wanaoozesha magugu-maji, huitumia, hata kiwango chake kikafika chini kabisa kunakokaribia kupambazuka. Mfugaji wa ngege katika vizimba anayeletewa matokeo ya chupa iliyojazwa saa nne asubuhi amepewa habari za saa nne tu, ilhali saa ya hatari ilikuwa kumi na moja alfajiri. Ndiyo sababu mimi hupendelea spektromita ya masi yenye utando, mashine inayotambua gesi kwa uzito wa chembe zake na kupima yenyewe bila kukoma.

Njia hii si ngeni, kwani George Hoch na Bessel Kok waliieleza mwaka 1963. Pampu hupitisha maji kando ya utando mwembamba wa silikoni, gesi zikapenya hadi kwenye ombwe, zikagongwa na elektroni na kugeuka ioni, kisha zikachujwa kwa uwiano wa masi na chaji: nitrojeni huonekana kwenye 28, oksijeni 32, argoni 40 na kaboni dayoksaidi 44.

Kuiamuru kompyuta ifungue vali na kuandika namba ni kazi nyepesi. Kazi nzito, ambayo wauzaji wa mitambo huitaja kwa nadra, ni kuiandikia kanuni za kuzikataa baadhi ya namba hizo. Chukua kilele cha 34, yaani ishara inayojitokeza kwenye namba hiyo. Programu isiyo na kanuni itatangaza kuwa ni hidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu inayotoka kwenye matope, kumbe oksijeni yenyewe ina isotopu nzito (atomi zake zenye uzito zaidi) zinazoacha hapo takriban asilimia 0.4 ya kilele cha 32. Kwa hiyo sehemu hiyo hutolewa kwanza, na kinachosalia hutiliwa shaka iwapo maji bado yana oksijeni tele. Methani nayo haisomwi kwenye 16, ambako vipande vya oksijeni na maji huingiliana nayo, bali kwenye 15.

Argoni ndiyo shahidi wetu mwaminifu, kwa kuwa hakuna kiumbe anayeizalisha wala kuitumia. Joto likibadilika au utando ukichakaa, argoni na oksijeni huathirika kwa namna inayokaribiana. Uwiano wao ukibadilika ghafla, basi chanzo kinaelekea kuwa uhai uliomo majini.

Kila baada ya muda vali hugeukia maji ya kusawazishia, yaani ya kuhakiki vipimo vya mashine, yaliyokorogwa hewani kwa joto lisilobadilika. Hapa majedwali ya vitabuni yanaweza kupotosha: miligramu 8.26 za oksijeni kwa lita kwenye nyuzijoto 25 ni za usawa wa bahari, na ziwa letu liko karibu mita 1,134 juu yake, hivyo thamani sahihi ni takriban 7.2. Stima ikikatika, vali ya kuingizia lazima ijifunge kabla ombwe halijaharibika, na masomo yote husimamishwa mpaka mashine isawazishwe upya.

Sumu ya mwani iitwayo maikrosistini haipimwi hivi. Molekuli yake, yenye masi inayokaribia 995, ni kubwa mno na haigeuki mvuke ili ipenye utando. Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha maikrogramu 1 kwa lita katika maji ya kunywa ya kila siku. Ili kukikagua, bado tunajaza chupa na kuzipeleka kwenye kromatografia ya kimiminika, njia ya maabara ya kutenganisha kemikali zilizomo majini.