Chuo cha bata au chuo cha kitabu? Dhana potofu na ukweli

Ukipata nafasi vyuo viwili kwa mpigo, kila mtu hugeuka mshauri. Mengi utakayoambiwa hayana mashiko.

Dhana: Kuna vyuo vya bata, yaani vya starehe, na vyuo vya kitabu, lazima uchague kimoja.

Ukweli: Mambo haya mawili hayatengani. Tangu mwaka 1975, Vincent Tinto, mtafiti wa Marekani, alieleza kuwa mwanafunzi hubaki chuoni au huacha kulingana na alivyozama kwenye masomo na alivyopata watu wake. Anayefaulu mitihani huku hana hata wa kukaa naye mezani anaweza kufungasha virago sawa na aliyefeli. Mwaka 2001 mchumi Bruce Sacerdote alichunguza wanafunzi wa Dartmouth, chuo cha Marekani, waliopangiwa wenzao wa chumba karibu kwa bahati nasibu, akakuta alama za mmoja zinaathiriwa na za mwenzake. Kwa hiyo ukiuliza juu ya maisha ya bweni, unauliza pia juu ya masomo.

Dhana: Chuo kilicho juu kwenye orodha za vyuo bora duniani ndicho kinachofundisha vizuri.

Ukweli: Soma orodha inapima nini. Ile ya Shanghai, iliyoanza 2003, huhesabu tuzo za Nobel, watafiti wanaonukuliwa sana na makala zilizotoka kwenye majarida kama Nature na Science. Ufundishaji wa darasani haumo. Halafu, wewe hutasoma chuo kizima, utasoma idara moja. Nani anafundisha mwaka wa kwanza? Darasa lina watu wangapi? Mafunzo kwa vitendo chuo kinakutafutia, au unahangaika mwenyewe? Unaweza kubadili kozi? Maswali haya waulize wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu. Ofisi ya udahili kazi yake ni kukisifia chuo.

Dhana: Jina la chuo ndilo litakaloamua kipato chako.

Ukweli: Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha mwaka 2002 utafiti wa wanafunzi wa Marekani waliokubaliwa na vyuo vinavyofanana. Waliokwenda kwenye chuo chenye jina na waliokwenda kwingine walipata mapato yanayokaribiana. Ila waliotoka familia za kipato cha chini walifaidika na vyuo vyenye jina. Basi anayekwambia jina si kitu, mwangalie kwanza: huenda kwao milango ilikuwa wazi tangu zamani.

Dhana: Shangwe za siku ya wageni ndiyo picha ya maisha ya chuo.

Ukweli: Siku hiyo hupambwa. Urafiki hujengwa na muda: Jeffrey Hall, mtafiti wa Marekani, mwaka 2018 alikadiria kuwa hupita saa zaidi ya 200 pamoja kabla mtu hajawa rafiki wa karibu. Saa hizo zitatoka wapi ikiwa bweni liko mbali na kampasi na Ijumaa jioni wote wanarudi makwao? Nenda siku ya kawaida, ukae hadi usiku.

Dhana: Ukikosea kuchagua, umekwisha.

Ukweli: Vyuo vingi hupokea wanaohama. Shida ni kwamba si kila somo ulilofaulu litahesabiwa kule unakokwenda, na hapo mwaka mzima unaweza kupotea. Uliza utaratibu huo kabla hujathibitisha nafasi.