Kompyuta haiwaki: yanayosemwa Mombasa na yanayotokea ndani ya kasha

Ibebe kompyuta ya mezani iliyogoma kuwaka kutoka Tudor uipeleke kwa mafundi wa karibu na Digo Road, na kabla hujafika utakuwa umeshapewa hukumu tatu. Jirani kasema RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Dereva wa tuktuk kasema virusi. Fundi wa kwanza, hata kasha hajalifungua, kasema ubao mama, ule unaobeba vipande vyote, umeungua. Huenda mmoja wao amepatia, lakini hakuna aliyeuliza imekwama wapi.

Kompyuta huamka kwa hatua. Stima huingia, pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha) huthibitisha volti zake, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, huanza kazi, BIOS (programu ndogo iliyo ndani ya chipu ya ubao mama) hukagua RAM na kadi ya picha, na mwisho kabisa ndipo diski hutafutwa na Windows kupakiwa. Ukijua imesimama hatua gani, vipande vingi unaviondolea lawama kabla ya kugusa bisibisi.

"Ni virusi, piga Windows upya"

Kama skrini ni nyeusi tangu mwanzo, hata nembo ya kampuni haikutokea, Windows haijafikiwa bado. Chomoa diski kabisa: kompyuta isiyo na hitilafu itatoa picha na kulalamika kwamba haioni kifaa cha kuanzia. Anayetaka pesa ya kuweka Windows kwenye mashine isiyotoa picha anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kwa haki niseme kwamba virusi vya CIH, vilivyovuma mwaka 1998 na 1999, viliweza kweli kuharibu yaliyomo kwenye chipu ya BIOS, na mashine zikafa ganzi. Lakini hayo ni ya zamani, na hata wakati huo Windows mpya isingezifufua.

"Feni zinazunguka, kwa hivyo pawasaplai ni nzima"

Hii ndiyo inayowapoteza wengi, mafundi wakiwemo. Pawasaplai ya mpangilio wa ATX, ulioletwa na Intel mwaka 1995, haitoi umeme wa aina moja. Kuna volti 12, kuna 5, kuna 3.3, na kuna volti 5 nyingine za pembeni ambazo hubaki hai hata kompyuta ikiwa imezimwa, mradi plagi iko ukutani na swichi imewashwa. Ile taa ndogo kwenye ubao mama hulishwa na hizo za pembeni. Ikiwaka, unajua stima imefika kwenye ubao, basi.

Feni nayo hailalamiki. Itazunguka hata volti 12 zikishuka hadi 10, ilhali kiwango kinachokubalika ni asilimia 5 juu au chini, yaani kati ya 11.4 na 12.6. Kisha kuna waya wa kijivu. Volti zote zikishatulia, pawasaplai husubiri kati ya milisekunde 100 na 500, halafu hupeleka ishara kupitia waya huo kwamba mambo ni sawa. Ishara isipofika, prosesa huzuiwa isianze. Feni zinavuma, skrini giza, na mwenye mashine anaapa kwamba umeme upo.

Kuna jaribio maarufu la kuunganisha waya wa kijani na mweusi wa pawasaplai kwa kipande cha waya, pawasaplai ikivuma inapewa cheti. Jaribio si baya, ila halina mzigo. Kapasita zilizochoka, vile vijikopo vinavyohifadhi umeme kidogo na kuutuliza, zitaendesha feni moja bila taabu, kisha zianguke pale prosesa inapoanza kunyonya umeme. Bora upime kwa maltimita, kipimo cha volti, wakati kompyuta inajaribu kuwaka, au uazime pawasaplai unayojua ni nzima. Na usikisie rangi za nyaya kwenye mashine za Dell na HP, kwa sababu nyingi zina viunganishi vyao wenyewe. Kompyuta inayotaka kubonyezwa mara tatu nne asubuhi, kisha ikishashika haisumbui tena mchana kutwa, ndiyo inayonifanya nishuku kapasita za pawasaplai kabla ya kitu kingine chochote.

Usisahau pia plagi ndogo ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa. Ikiwa haikuchomekwa baada ya kusafisha, feni zitazunguka vilevile na picha haitakuja.

"Ilikaa tu bila kutumika, haiwezi kuwa imeharibika"

Bara huenda hoja hii ikapita. Mombasa haipiti. Hewa yetu ina unyevu na chumvi mwaka mzima, na msimu wa masika mambo huzidi. Kompyuta inayotumika kila siku hujipasha moto na kujikausha. Iliyofungiwa ofisini likizo nzima hupoa, na vumbi lililojaa ndani, likiwa na chumvi yake, huvuta unyevu na kuanza kupitisha umeme kidogo mahali usipotakiwa. Miguu ya chipu huota kutu ya kijani, na viguso vya RAM hufunikwa na utando mwembamba ambao jicho halioni.

Ndiyo maana kwenye mashine iliyolala muda mrefu mimi huanza na RAM kabla ya kununua chochote. Zima, chomoa plagi, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Toa kadi zote za RAM, futa viguso vya dhahabu taratibu kwa raba safi ya penseli, malizia kwa spiriti ya isopropili, kisha rudisha kadi moja tu na ujaribu. Ikigoma, hamisha tundu. Ikigoma tena, jaribu kadi ya pili. Kupuliza kwa mdomo, ambako kila mtu hufanya, ni kuongeza mate na unyevu pale pale unapotaka pakauke.

Kapasita nazo huzeeka hata zikiwa zimelala. Chungulia ubao: zile za umbo la kopo zikiwa zimevimba kichwa au zinatoa uji wa kahawia, umepata mtuhumiwa wa maana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 soko la dunia lilijaa kapasita mbovu, hata mwaka 2005 Dell ikatenga dola milioni 300 kugharamia kompyuta zake za OptiPlex zilizoathirika. Mashine za umri huo bado utazikuta kwenye mitumba.

"Ekstensheni yangu ina taa nyekundu, inalinda"

Taa hiyo inaonyesha stima ipo. Fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi nayo huzuia mkondo uliopita kiasi ili waya usiungue. Ruka la ghafla la volti, stima inaporudi baada ya kupotea, huipita fyuzi bila yenyewe kushtuka. Stima yetu ni volti 240, na ikirudi vibaya huweza kuruka mbali juu ya hapo kwa kitambo kidogo sana kinachotosha kuua pawasaplai. Kilicho rahisi kuliko vyote ni kuchomoa plagi stima ikipotea na kungoja itulie ndipo uchomeke. Na kwenye pawasaplai za kizamani zenye kiswichi chekundu nyuma, hakikisha kinasoma 230. Mtoto akikigeuza kiende 115, utasikia mlipuko.

Betri ya duara ya CR2032 husingiziwa sana. Ikifa, saa na tarehe hupotea na BIOS hudai mipangilio. Ni nadra sana kuzuia mashine kuwaka. Ibadilishe, bei yake ni ndogo, ila usitegemee muujiza.

Milio ya pii ambayo ubao hutoa unapogoma nayo haina lugha moja. Pii tatu kwenye BIOS ya kampuni ya AMI na pii tatu kwenye ya kampuni ya Phoenix ni habari mbili tofauti, kwa hivyo tafuta maelezo ya ubao wako mwenyewe. Ukimya nao si ushahidi wa chochote, maana bodi nyingi siku hizi hazina hata spika.

"Fungua pawasaplai, badilisha fyuzi"

Tafadhali usifanye hivyo. Kapasita kubwa ya ndani hubeba zaidi ya volti 300, na huweza kuzishika hata baada ya plagi kuchomolewa. Pawasaplai mbovu hubadilishwa nzima.

"Ubao mama umekwisha"

Hukumu hii itolewe mwisho. Kwanza hakikisha kebo ya monita imechomekwa kwenye kadi ya picha kama kadi ipo, wala si kwenye tundu la ubao. Gusanisha kwa bisibisi zile pini mbili za kitufe cha kuwasha; mashine ikiamka, kilichokufa ni kitufe cha kasha. Ikibaki kimya, toa ubao nje, uulaze juu ya katoni kavu, uache prosesa na feni yake, RAM moja na pawasaplai nzima, na kadi ya picha tu kama prosesa haina picha yake. Ikiwaka hapo, shoti ilikuwa ndani ya kasha, na mara nyingi utakuta skrubu moja imedondoka nyuma ya ubao.