Rachel Carson hakutunyima DDT, jamani

Ukikaa vijiwe vya kahawa Ngamiani hapa Tanga, mbu wakianza tu hakosi mtu wa kusema yule mama wa Kimarekani, Rachel Carson, ndo katuponza, kaandika kitabu, DDT ile dawa ya kuua wadudu ikapigwa marufuku dunia nzima. Sio kweli bana. Carson alikuwa mwanabiolojia wa bahari, kafanya kazi serikalini miaka kibao ndo akaacha awe anaandika tu. Kitabu chenyewe, Silent Spring, kilitoka 1962 na humo hakusema dawa zote zitupwe, alisema acheni kumwaga ovyo, maana miti ilipigwa dawa, majani yakadondoka, nyungunyungu wakala, ndege wakala nyungunyungu wakafa, na akaonya kabisa kwamba ukizidisha dawa, wadudu wanaizoea, sasa hapo anaumia nani kama sio sisi wa malaria?

Akafariki 1964, kansa ya matiti. Marekani wamekuja kuizuia DDT 1972, tena hasa kwenye kilimo. Mkataba wa Stockholm wa 2001, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za sumu, nao unaruhusu kuitumia kuua mbu wa malaria, na Afrika Kusini waliirudisha mwaka 2000 malaria ilipopanda.