Mtoto wa miaka miwili anacheza kutwa?

Hapa Dodoma wengi tunaamini mtoto wa miaka miwili hucheza kutwa, mzazi hana la kuongeza. Ni kweli hapendi kutulia. Lakini miongozo ya kimataifa ya 2019 inataka apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku, na televisheni au simu isizidi saa moja. Watafiti humfunga kifaa kidogo kiunoni kinachorekodi mijongeo, maana kumbukumbu za mzazi huteleza.

Nyumbani chukua daftari, siku tatu, Jumapili ikiwemo. Andika dakika alizobebwa mgongoni, alizokaa mbele ya katuni, alizokimbiza kuku uani. Pembeni andika (hili ndilo muhimu zaidi) wewe ulikuwa unafanya nini. Mama akitoka kufagia uwanja, mtoto naye huokota kijiti akamfuata.