Klasta ya seva nne: diski zijae kiasi gani?

Vijana wanaotunza klasta, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja, hapa Lamu huniuliza: tusubiri diski zijae kiasi gani ndipo tununue nyingine? Wengi husubiri onyo la Ceph, programu inayounganisha diski za seva hizo ziwe hifadhi moja. Kwa mipangilio yake ya kawaida, onyo hutoka diski ikifika asilimia 85. Ikifika 90 haipokei tena nakala za data zinazohamishwa. Ikifika 95, klasta inakataa kuandikiwa.

Kwenye klasta ya seva mia, 85 haina neno. Kwa hizi zetu ndogo, onyo hilo limechelewa mno. Hebu piga hesabu. Una seva nne zinazolingana, data ina nakala tatu, kila nakala kwenye seva yake, na zote zimejaa asilimia 70. Huoni onyo lolote. Seva moja ikifa, mzigo wake unagawiwa tatu zilizobaki: 280 kwa 3, asilimia 93. Ujenzi wa nakala utakwama kwenye 90, na sehemu ya data itabaki na nakala mbili tu mpaka ulete diski. Na diski ya kuja Lamu hushuka Mokowe, gati la bara, kwanza, kisha ingoje boti. Ndiyo maana nashikilia 60. Ikifa moja unafika 80, na nafasi iliyobaki hadi 90 utaihitaji, kwa kuwa diski hazijai sawasawa. Daima kuna inayowatangulia wenzake.

Mwenye seva tatu hana hesabu hii. Moja ikifa, nakala ya tatu haina pa kwenda hadi seva irudi.

Ukizima seva kwa hiari, tuseme kuisafisha chumvi na vumbi, anza na amri `ceph osd set noout`. Bila hiyo, zikipita dakika 10 Ceph huanza kujenga upya kwingine nakala zote za seva hiyo, kazi ya bure. Ukimaliza, toa `ceph osd unset noout` papo hapo, la sivyo diski itakayokufa kweli haitajengewa nakala.

Kisha ukaguzi wa kina, ule wa kila wiki unaosoma data yote na kulinganisha nakala. Najua unapunguza kasi, na wapo wanaouzima. Tafadhali msiuzime! Diski huharibu data kimyakimya, na bila ukaguzi utagundua siku nakala zilizo salama zimeshapotea. Upangie usiku, saa tano hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwenye mipangilio, andika 23 ya kuanza na 5 ya kumaliza. Ceph ikilalamika kuwa ukaguzi umechelewa, ongeza saa za ukaguzi.