"Hapo usipige mstari": talaka inapopita katika vizazi vitatu

Sisi tunaosomea familia huwa tunachora. Mwanamume ni pembetatu, mwanamke ni duara, ndoa ni mstari unaowaunganisha, watoto wanashuka chini yao. Talaka nayo ina alama yake: vistari viwili vya mshazari vinavyoukata ule wa ndoa. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, nami nikawafundisha wengine, mpaka siku bibi mmoja wa Ngamiani, Tanga, aliponishika mkono penseli ikiwa bado hewani.

Tulikuwa uani kwake, yeye anasuka ukili, mimi nimetandaza karatasi juu ya mkeka. Alikuwa ameolewa mara nne. Watatu walimwacha, wa nne alifariki. Nilipotaka kumkata yule wa kwanza akasema, "Hapo usipige mstari, mwanangu. Aliniacha yeye. Mama yake hakuniacha." Kisha akanieleza kwamba alipojifungua mtoto wa mume wa pili, aliyemkanda ni mama wa mume wa kwanza. Arobaini nzima: maji ya moto asubuhi na jioni, uji wa pilipili manga, mtoto kaogeshwa. Nilidhani sikusikia vizuri, nikamwomba arudie. Akarudia, na mikono yake haikusimama kwenye ukili.

Jibu lilikuja tulipopanda kizazi kimoja juu. Mume wa kwanza alikuwa mtoto wa shangazi yake. Watu wa Pwani husema binamu nyama ya hamu, na huo utani umebeba mpango mzima wa ukoo. Yule mwanamke alikuwa shangazi kabla hajawa mkwe. Talaka ilipotoka, ukwe ukaondoka, ushangazi ukabaki pale pale. Kati ya watu wale wawili palikuwa na mistari miwili, na mimi nilikuwa nimechora mmoja tu.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kila ninapoitwa kuzungumza naulizwa swali lile lile: mbona talaka zimezidi siku hizi? Anayeuliza ameshaamini kwamba bibi zetu walivumilia na sisi tumeshindwa. Ukikaa na bibi zenyewe, wa Pwani hasa, hadithi inageuka. Wengi niliowahoji waliachika zaidi ya mara moja na kuolewa tena, na hawalisemi jambo hilo kwa kunong'ona. Takwimu zinawaficha. Sensa inauliza hali ya ndoa ya mtu siku anapohesabiwa. Aliyeachika mara tatu na sasa yuko kwa mume wa nne anaandikwa kuwa ameolewa, basi, na talaka zake tatu hazionekani popote.

Wala si sisi peke yetu. Mwanasosholojia wa Marekani, William Goode, alionyesha kwamba zipo jamii zilizoishi na talaka nyingi kwa muda mrefu bila kusambaratika, kwa kuwa zilikuwa na utaratibu unaojulikana wa nini kinafuata: aliyeachika anarudi wapi, watoto wanalelewa na nani, ataolewa tena lini. Japani ya karne ya 19 ilikuwa hivyo, na talaka zikapungua baada ya sheria ya kiraia ya 1898. Waislamu wa Java na wa Malaya nao walikuwa na talaka nyingi sana hadi miaka ya 1950, kisha zikashuka wasichana walipoanza kukaa shuleni na kuwa na sauti katika kuchagua waume.

Kwa nini jamii moja iachane kirahisi na nyingine isiachane? Hapa sharti nizungumzie mahari, maana ndipo watu wanapokosea zaidi. Mwaka 1950 Max Gluckman aliwalinganisha Walozi, ambao nchi yao sasa ni sehemu ya Zambia, na Wazulu wa Natal, Afrika Kusini. Walozi walitoa mahari kidogo na kuachana sana. Wazulu walitoa ng'ombe wengi na talaka ilikuwa nadra. Wapo wanaosoma hayo kana kwamba ng'ombe hununua utulivu, lakini Gluckman mwenyewe aliona mzizi uko kwenye swali la watoto: je, ni wa ukoo wa baba moja kwa moja, au wana haki kwa mama pia? Hata hivyo ng'ombe wana nguvu yao. Fikiria wameshafika kwa baba mkwe, na kaka wa bibi harusi ameshaoa kwa ng'ombe hao hao. Dada akitaka kuondoka, ng'ombe watadaiwa. Kaka atakwambia vumilia, baba atakwambia vumilia, na wifi aliyeolewa kwa ng'ombe hao ataogopa kuliko wote. Uvumilivu tunaousifu wakati mwingine ulikuwa deni la mtu mwingine.

Pwani, mahari kwa sheria ya Kiislamu ni mali ya mwanamke mwenyewe. Yapo ya wazazi, kilemba cha baba, mkaja wa mama, lakini hayafungi zizi la mtu. Mume akitoa talaka, mahari hayarudi. Mke akijivua kwa khului ndipo hurudisha. Kwa hiyo binti aliyeachika hakurudi nyumbani na deni. Alirudi na mkoba wake, akakaa eda, na chumba chake kilikuwepo.

Hicho chumba ndicho kinachonikosesha usingizi, kuliko idadi ya talaka. Mwanamke anayeachika leo Mbagala au Buguruni, Dar es Salaam, mara nyingi alikuwa akiishi chumba cha kupanga, kwao ni mkoani, na nyumba ya kwao ilishauzwa wakati wa kugawana mirathi. "Rudi kwenu" ni neno lile lile alilosikia bibi yake, lakini kwao hakuna. Ndiyo maana hukumu ya kesi ya Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, ilikuwa kubwa: Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa asiye na chumba kwa baba yake, fungu katika nyumba aliyoipikia miaka ishirini si neema.

Na watoto? Marekani utafiti umeonyesha mara nyingi kwamba watoto wa walioachana nao huachana zaidi wanapokua. Matokeo hayo nayaheshimu, ila siyabebi mzimamzima hadi Tanga. Yalipatikana zaidi katika nyumba ambamo wazazi wawili walikuwa ndio dunia yote ya mtoto. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 nayo inafikiri hivyo: mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni vema akae na mama isipokuwa ithibitishwe vinginevyo, na ndugu mwingine hupewa mtoto kwa sababu za kipekee tu. Kwenye nyua nilizokaa mimi, bibi ndiye wa kwanza kutajwa.

Mara ya mwisho nilipokwenda Ngamiani, simu ya bibi ililia ujumbe, akanipa nimsomee. Ilikuwa pesa ya sare na madaftari ya kitukuu anayekaa naye. Mtumaji alikuwa baba wa mtoto, aliyemwacha mjukuu wa bibi mwaka uliotangulia. Yeye na mama wa mtoto hawasemeshani, kwa hiyo matunzo yanapitia kwa bibi. Akaniagiza nimpigie nimwambie imefika, na kabla sijakata nimuulize mama yake anaendeleaje na yale magoti.