Maana ya kuvuta vakyumu kwenye friji

Kuvuta vakyumu ni kutoa hewa na unyevu ndani ya mfumo wa friji kwa pampu maalumu kabla ya kutia gesi. Hufanyika kila mfumo unapofunguliwa: umebadilisha kompresa (mota inayosukuma gesi kwenye mfumo), umeziba tundu, au umekata paipu mara moja tu. Anayesomea fani ya majokofu na viyoyozi, awe chuo cha ufundi cha VETA au kwa fundi wa mtaani, hukutana na hatua hii mapema. Kazini ndiyo ya kwanza kurukwa, maana mteja haioni, na friji hupoza siku ile ile hata isipofanyika.

Hewa na unyevu haviharibu kwa namna moja. Gesi ya friji ikifika kwenye kondensa, paipu zinazotoa joto nje, hugeuka kimiminika, hewa haigeuki. Hukaa humo ikaziba nafasi, presha ikapanda, kompresa ikachemka, ovalodi, yaani swichi inayoilinda kompresa, ikakata. Unyevu ni mbaya zaidi. Tundu la kapilari, paipu nyembamba inayopeleka gesi ya friji la nyumbani kwenye evapareta (sehemu inayopoza), halifiki milimita moja, na pale inapoingia kwenye evapareta baridi huwa chini ya sifuri. Tone dogo la maji likifika hapo linaganda na njia inaziba. Friji linaacha kupoza, barafu inayeyuka, linapoza tena, linaziba tena. Mteja atakwambia "asubuhi linagandisha, mchana limelala", na fundi asiyeelewa ataongeza gesi. Kumbe kupima ni rahisi: zungushia mwisho wa kapilari kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto. Gesi ikianza kupita kwa mlio, ilikuwa barafu. Kukiwa kimya bado, shuku uchafu au oili.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana haraka. Oili ya kompresa za gesi ya R134a hunyonya unyevu wa hewani kwa kasi, na mchanganyiko huo huzaa asidi inayokula vanishi ya nyaya za mota. Kwa hewa ya pwani ya Mtwara na Lindi, hasa msimu wa mvua kati ya Desemba na Aprili, kompresa mpya na draya mpya (kichujio kinachonyonya unyevu) visitolewe vizibo mpaka paipu zote ziko tayari kuchomewa. Draya ya zamani ikatwe, isichomolewe kwa moto, kwani moto huurudisha unyevu wake ndani ya paipu.

Friza za samaki zinastahili uangalifu wa pekee. Mtu anabandua barafu kwa kisu, anatoboa evapareta, na friza inaendelea kufanya kazi. Kama ina gesi ya R600a, ambayo huchemka kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri, upande wa kunyonya huwa na presha ndogo kuliko ya hewa ya nje. Tundu halivujishi tu gesi. Linavuta maji ya chumvi hadi kwenye kompresa. Mfumo wa aina hiyo haukaushwi kwa vakyumu ya nusu saa. Oili imwagwe, paipu zipulizwe kwa naitrojeni kavu, na mara nyingi kompresa yenyewe haifai tena.

Vakyumu hukausha kwa sababu presha ikishuka, maji huchemka kwenye joto dogo. Kwenye milibari 42 yanachemka kwa nyuzi 30, yaani joto la kawaida la mchana huku kwetu, na pampu inavuta mvuke wake. Lakini kufika hapo hakutoshi. Lengo ni maikroni 500 (maikroni ni kipimo kidogo cha presha), ambazo ni chini ya milibari moja. Hapa ndipo geji ya mshale inapodanganya: kwenye maikroni 5,000 na kwenye 500 mshale umelala pale pale, karibu na -1 bar. Anayetaka uhakika anahitaji geji ya maikroni.

Kabla ya pampu, pima uvujaji kwa naitrojeni na povu la sabuni. Usitumie oksijeni kamwe. Ikikutana na oili kwenye presha hulipuka. Kisha vuta kutoka pande zote mbili, kwenye paipu ya kuchajia ya kompresa na kwenye draya yenye mdomo wa ziada. Ukivuta upande mmoja tu, hewa ya kondensa lazima ipite kwenye kapilari ile nyembamba, na muda unakuwa mrefu mno. Nusu saa ni kiwango cha chini kwa friji dogo. Umeme ukikatika pampu ikiwa inafanya kazi, funga valvu mara moja, la sivyo oili ya pampu inaweza kunyonywa kuingia kwenye friji.

Ukishafika maikroni 500, funga valvu, zima pampu, subiri dakika 10. Kipimo kikipanda bila kusimama, kuna tundu. Kikipanda kidogo kikatulia, bado kuna unyevu: jaza naitrojeni kavu kidogo, iache ichanganyike, itoe, uvute upya. Oili ya pampu ikiwa nyeupe kama maziwa imeshabeba maji, ibadilishe.

Wengi hutumia kompresa chakavu badala ya pampu. Mshale hulala, ndiyo, lakini haifiki maikroni mia chache. Kuwasha kompresa ya friji lenyewe ili ijivute ni kosa kubwa zaidi: kwenye vakyumu nyaya za mota hazipati kitu cha kuzipoza, na umeme huweza kuruka kati yake zikaungua.

Vakyumu ikishatulia, gesi hutiwa kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha friji. Kwa R600a mara nyingi ni makumi machache tu ya gramu, na kosa la gramu 10 linaonekana kwenye upozaji.